Ruwenzori kwa upande wetu: kwa nini njia ya Mutwanga iko kimya



Uliza watu kumi hapa Majengo: mlima mrefu kuliko yote ya Kongo ni gani? Wengi watakunyoshea kidole Nyiragongo, ju njo ile tunaona kila mara mawingu yakifunguka, na njo ile ilitukimbiza usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mwenye amesoma kidogo atasema Karisimbi, ju komine yetu inabeba jina lake. Lakini Nyiragongo ina mita 3,470 tu, na Karisimbi 4,507. Mlima mrefu wa inchi yetu ni Ruwenzori. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Iko hapa hapa Kivu ya Kaskazini, ndani ya Parki ya Virunga, kwenye mpaka na Uganda. Katika Afrika nzima ni Kilimanjaro (5,895) na Mlima Kenya (5,199) tu inayoupita.

Na bado, picha karibu zote tunazoziona za mlima huu zimepigwa upande wa Uganda. Kijana wa Goma akiota kuupanda, anawaza kupitia Kasese. Upande wetu kuna njia pia, inaanzia Mutwanga. Ni njia ya kimya. Watu wa utalii wanapenda sana neno hilo. "Njia yenye watu wachache" wanaiuza bei kali. Leo nataka nieleze njia hiyo ikoje, nini inaifanya kuwa ngumu, na ule ukimya wake unatoka wapi. Ju kuna ukimya wa aina mbili, na si vizuri kuzichanganya.

Niseme kwanza ninasimama wapi. Staji yangu ya agronomia niliifanya kwenye mashamba ya kakao na kahawa chini ya Mutwanga, na nilipanda pamoja na waongozaji hadi Mahangu, mita 3,300 hivi. Kileleni sikufika. Habari za huko juu nimezipata kwa wabebaji wa mizigo na kwa kusoma. Sasa twende.

MLIMA USIO NA MOTO

Sisi wa Goma tukisikia mlima tunawaza lava. Ruwenzori haina moto. Ni kipande cha mwamba wa zamani sana kilichosukumwa juu wakati ardhi ilikuwa inapasuka, kwenye lile bonde la ufa linalobeba maziwa yetu: Tanganyika, Kivu, Edward na Albert. Kwa hiyo si mlima mmoja wa duara kama Nyiragongo. Ni safu ndefu, zaidi ya kilomita 100, na juu yake kuna milima sita mikubwa: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Margherita iko juu ya Stanley, na mpaka wa inchi mbili unapita pale pale.

Tofauti ya pili ni maji. Hapa Majengo lava inakunywa mvua yote. Hakuna mto, njo maana watoto wanapanga bidoni na chukudu zinazunguka na maji wakati ziwa tunaliona kwa macho. Ruwenzori inafanya kinyume. Kule mvua inanyesha karibu miezi yote, udongo mweusi wa juu unashika maji kama sifongo, na mito inashuka pande zote. Butahu ya upande wetu inaingia mto Semliki. Mito ya upande wa Uganda inazunguka kupitia Ziwa George na Ziwa Edward, halafu nayo inatokea kwenye Semliki hiyo hiyo, kuelekea Ziwa Albert na Nile. Tumesoma shuleni kwamba inchi yetu ni ya mto Kongo. Lakini mvua ya Mutwanga njia yake ni ya Misri.

NJIA, SIKU KWA SIKU

Mutwanga iko karibu na barabara ya Beni kwenda Kasindi. Kituo cha parki kiko Mutsora, hapo pembeni. Wakati njia imefunguliwa, hapo njo mtu anaandikishwa, anapewa muongozaji, walinzi na wabebaji. Hakuna anayepanda peke yake.

Siku ya kwanza unapita kwanza katikati ya mashamba: migomba, kakao, kahawa, mihogo. Watu wanakusalimia kutoka shambani. Halafu msitu unafunga, na njia inaanza kupanda. Baada ya saa tano hivi unafika Kalonge, mita 2,100 na kidogo. Kuna kibanda cha kulala. Baridi yake ni kama ile ya Masisi juu, hakuna cha kuogopa.

Siku ya pili njo inapima watu. Unaingia mianzi, na ndani ya mianzi matope yanafika magotini. Viatu vizuri vya duka havikusaidii. Wabebaji wote wanavaa buti za mpira, zile za kulimia, na wako na haki. Juu ya mianzi unatokea kwenye miti ya erika, yenye shina lililopinda na ndevu za kijivu zinazoning'inia. Chini yako hakuna tena udongo wa kawaida. Ni mizizi iliyofunikwa na ile kijani laini yenye unyevu, ukikanyaga vibaya mguu unapotea. Jioni unalala Mahangu.

Siku ya tatu unatoka Mahangu kwenda Kiondo, juu ya mita 4,200. Hapo miti imeisha. Unabaki na mimea mikubwa ya ajabu, senesio na lobelia, pamoja na mawe na ukungu. Kutoka Kiondo watu wanapanda kilima cha Wusuwameso, zaidi ya mita 4,400, kuangalia barafu za Stanley uso kwa uso. Chini kuna maziwa madogo: Lac Noir, Lac Vert, Lac Gris. Wengi waliokuja upande wetu walimalizia hapo na kurudi, na waliridhika.

Anayetaka kilele anaendelea siku ya nne hadi kibanda cha Moraine, karibu na barafu yenyewe. Kutoka pale si kutembea tena. Ni kamba, shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, pamoja na mtu anayejua kuvitumia. Kurudi kunachukua siku mbili au zaidi. Hesabu basi juma moja kwa kilele, na siku tano au sita kwa kuishia Wusuwameso. Miezi yenye mvua kidogo ni kutoka mwisho wa Desemba hadi Februari, na kutoka katikati ya Juni hadi Agosti. Nimesema mvua kidogo. Sikusema jua.

SHAMBA LILILOSIMAMA WIMA

Hapa njo agronomia inanisaidia. Kuna kanuni moja tu ya kushika: kila ukipanda mita 100, joto linashuka karibu digri 0.6. Goma iko mita 1,500 hivi na joto lake la kawaida ni digri 19 au 20. Margherita iko mita 3,600 juu yetu. Zidisha 36 kwa 0.6, unapata karibu 22. Toa kwenye 20: unabaki na digri mbili chini ya sifuri, karibu kabisa na ikweta. Njo maana kuna barafu pale. Hakuna muujiza, ni hesabu ya darasa la sita.

Kanuni hiyo hiyo inapanga mimea kama rafu za duka. Chini kabisa, kwenye joto, kuna kakao na michikichi. Juu kidogo ni kahawa ya arabika, ambayo haitaki joto kali. Kwenye urefu wa Kalonge, kama kungekuwa na shamba, ungelima viazi vya kizungu kama Lubero au Masisi. Lakini ni ndani ya parki, msitu njo unabaki pale. Kisha mianzi, kisha erika, na juu ya mita 3,800 hivi senesio na lobelia. Mtu anayetembea siku tatu kwenye njia hii anapita hali za hewa ambazo, kwenye bahari, ungehitaji kusafiri maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini ili uzione.

Lakini kitu moja hakifanani na Ulaya. Kule baridi inakuja mara moja kwa mwaka, na mmea unapata miezi ya kujitayarisha. Huku juu baridi inakuja kila usiku na jua kali linarudi kila mchana. Mmea lazima ujifunike kila jioni. Senesio inaacha majani yake makavu yabaki yamezunguka shina, kama koti. Ni ile kazi tunayofundisha wakulima, kufunika udongo wa mche wa kahawa kwa majani makavu. Usiku majani mabichi yanajikunja juu ya kichipukizi na kukifunika. Lobelia moja ya huko, iliyopewa jina la Mbelgiji Joseph Bequaert, inatunza maji katikati ya majani yake kama bakuli. Usiku maji ya juu yanaganda, lakini ya chini yanabaki maji, na kichipukizi kilicho ndani hakigandi. Nilipoelezwa hivyo na muongozaji nilisema kwa moyo: huyu hakusoma fakilte, lakini angeweza kutufundisha muhula mzima.

HESABU YA USINGIZI

Sasa ugumu wa njia yetu. Watu wengi wanafikiri ni matope ama mwinuko. Hapana. Ni usingizi.

Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye mita 5,100 shinikizo la hewa linabaki nusu na kidogo ya lile la kando ya bahari. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Waganga wa milima wanashauri: ukipita mita 3,000, usilale kila usiku juu zaidi ya mita 500 kuliko jana, na kila siku tatu au nne upumzike pale ulipo. Mchana unaweza kupanda zaidi, usiku ushuke. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala.

Linganisha basi njia mbili. Upande wa Uganda, ile njia ya kawaida inayoanzia Nyakalengija, vibanda viko hivi: Nyabitaba mita 2,650 hivi, John Matte 3,400, Bujuku 3,960, Elena 4,540. Kutoka usiku hadi usiku unaongeza mita 750, halafu 560, halafu 580. Upande wetu: Kalonge 2,100, Mahangu 3,300, Kiondo 4,200 na zaidi. Unaongeza 1,200, halafu karibu 1,000. Ni karibu mara mbili ya ile inayoshauriwa.

Kilimanjaro iko na hesabu ya namna hiyo. Njia ya Marangu inalaza watu Mandara 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Njo maana wenye kujua wanaongeza usiku wa pili pale Horombo. Na njia ya Rongai ya kaskazini, ambayo inasifiwa kwa kuwa kimya, wanaoifanya vizuri ni wale wanaoongeza siku. Mlima hauangalii kama wewe ni kijana wa michezo. Mara nyingi kijana njo anaanguka kwanza, ju anakimbia.

Kwa njia ya Mutwanga dawa ni rahisi: lala Mahangu siku mbili. Mchana wa katikati, panda kuelekea Kiondo, kaa kidogo, kisha shuka kulala. Inaongeza siku moja ya chakula na ya malipo ya wabebaji. Ni bei ndogo. Kama kichwa kinauma na chakula hukitaki, usipande juu zaidi mpaka kipite. Kama mtu anatembea kama mlevi, anasema maneno yasiyo na kichwa, au anakohoa na kukosa pumzi hata akikaa, hapo hakuna kungoja asubuhi: anashushwa, usiku huo huo. Kuna dawa kama Diamox, lakini hiyo ni ya kuzungumza na mganga kabla ya safari. Usinunue barabarani halafu ujipime mwenyewe.

Mbebaji mmoja, papa wa miaka hamsini na kitu, aliniona ninataka kuwapita wenzangu kwenye mianzi. Aliniambia: "Mwana, mulima haikimbie. Utaikuta." Nilicheka, lakini nilipunguza mwendo.

WALE WANAOBEBA

Njia kama hii si njia bila watu wake. Kwenye barabara kubwa, hata ukikosea, utakuta wengine mbele na nyuma. Kwenye njia ya kimya, anayejua njo njia yenyewe. Ni yeye anajua ni mzizi gani unashika na upi umeoza, mto gani hauvukiki mvua ikinyesha mchana, kibanda gani kinavuja. Ujuzi huo hauko kwenye karatasi. Ulipita kutoka kwa baba hadi kwa mtoto, na kwa wawindaji wa zamani kabla ya parki.

Wabebaji wa Mutwanga ni wakulima. Wanabeba kilo kadhaa za mzigo wa mgeni juma moja, halafu wanarudi kwenye kakao. Pesa ya mlima ililipia minerval ya watoto, dawa, mche mpya wa kahawa. Ng'ambo ya mlima, Wakonzo wa Uganda wanafanya kazi hiyo hiyo. Ni ndugu na Wanande wa upande wetu; lugha zao zinasikilizana. Mlima mmoja, watu karibu ni wale wale. Lakini ng'ambo kuna kazi, na huku hakuna.

UKIMYA WA AINA MBILI

Je, njia yetu ilikuwa ya kimya tangu mwanzo? Hapana. Wazungu wa kwanza waliojaribu kuupanda mlima huu walipitia upande wa magharibi, upande wetu. William Stairs, aliyekuwa na Stanley, alipanda mwaka 1889 kutoka bonde la Semliki. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alifuata bonde la Butahu na kufika zaidi ya mita 4,000. Ni baadaye tu, mwaka 1906, Mwitaliano Duke wa Abruzzi alipitia upande wa Uganda, akafika kileleni tarehe 18 Juni na kukipa jina la malkia wake, Margherita. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda tena kwa upande wetu, na mtaalamu wa mimea Lucien Hauman alikuwa ndani. Vyote hivyo, bila shaka, kwa mabega ya wabebaji ambao majina yao hayakuwekwa juu ya kilele chochote.

Kwa hiyo njia ilijulikana. Ukimya wa leo ni wa aina nyingine. Kuna ukimya wa njia ambayo watu hawaijui, ama wanaogopa matope yake. Huo ni mzuri, hata mimi ninaupenda. Na kuna ukimya wa njia ambayo watu wamezuiwa na vita. Tangu mwisho wa 2020 vijiji vya sekta ya Ruwenzori vimeshambuliwa mara nyingi na ADF. Watu wameuawa kwenye mashamba yao, hata wakati wa kuvuna. Tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Parki yenyewe imepoteza walinzi zaidi ya 200 katika historia yake. Na sisi wa Goma, kati yetu na Beni kuna mstari wa vita. Barabara ile ya Rutshuru, Kanyabayonga na Lubero, ambayo kaka zetu waliifanya kwa gari la mizigo, leo si ya kuifanya kwa matembezi.

Niseme wazi basi: siandiki hii ili mtu afunge begi kesho. Kwa sasa njia ya Mutwanga si ya kupanda. Anayesoma sifa za "njia isiyo na watu" ajiulize kwanza watu walikwenda wapi.

BARAFU HAINGOJI

Kuna kitu kinachofanya jambo hili liwe la haraka. Mwaka 1906 barafu za Ruwenzori zilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Ripoti ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani iliyotoka 2021 ilisema kwamba zikiendelea kuyeyuka hivi, barafu za milima mirefu ya Afrika ya Mashariki, na Ruwenzori ndani, zinaweza kuisha kabisa kwenye miaka ya 2040. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayenisoma leo hatakuwa amefika miaka hamsini.

Hapa lazima nisahihishe jambo moja tunalosikia mara nyingi, kwamba barafu ikiisha Mutwanga itakosa maji. Si hivyo. Watafiti waliopima mto Mubuku, upande wa Uganda, waliona kwamba maji yanayotoka kwenye barafu ni kidogo sana, chini ya 2 kwa mia ya mto. Maji ya mlima ni ya mvua, na anayeyatunza ni msitu, mianzi na ule udongo mweusi wa juu. Mutwanga iko na santrali ndogo ya umeme inayozungushwa na maji ya mlima, na mashamba yanategemea vijito hivyo hivyo. Kwa hiyo anayekata msitu wa Kalonge kwa makala anaigusa taa ya Mutwanga kuliko barafu inayoyeyuka.

Barafu inatuonyesha kitu kingine: kwamba zile rafu zote za mlima zinasogea. Joto likipanda, mpaka wa kahawa ya arabika unapanda pia. Wakulima waliniambia kwamba kahawa ya chini inasumbuliwa na wadudu kuliko zamani, na wanaotaka arabika nzuri wanatafuta shamba juu zaidi. Lakini juu kuna mpaka wa parki. Arabika haiwezi kupanda bila kugonga msitu. Huu ni ugomvi unaokuja, na ni sisi, watu wa agronomia, sheria na uchumi, tutaitwa kuuamua. Tutaamua vizuri kama tunaujua mlima, si kama tumeuona kwa picha tu.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye uwezo na pasipoti apande kwa upande wa Uganda, bila aibu. Parki ya kule iliundwa 1991 na iko kwenye urithi wa dunia tangu 1994, kama Virunga yetu iliyoingia 1979. Apande polepole, alale kwa hesabu, awalipe wabebaji vizuri, na akifika juu aangalie magharibi: kule chini ni kwetu.

Pili, wanaotafuta kichwa cha kazi ya mwisho wa masomo, mada ziko. Mpiga picha Vittorio Sella alipiga barafu hizo mwaka 1906, na Wabelgiji waliandika mimea ya njia yetu mwaka 1932. Siku njia itakapofunguliwa, mtu atahitajika kusimama mahali pale pale na kulinganisha. Anaweza kuanza sasa kwa kusoma. Kazi nyingine haihitaji kupanda hata mita moja: urefu wa mashamba ya arabika yaliyo hai leo, mvua ya kila mwezi, majina ya mimea kwa Kinande.

Tatu, na hii njo ninaitilia nguvu zaidi. Wabebaji na waongozaji wa Mutwanga wanazeeka. Wengine wamekimbilia Beni, Butembo au Oicha, wanaishi kwa kazi ya siku. Miaka inapita bila wao kupanda, na bila vijana wao kujifunza. Mawe na mito ya njia ile itabaki. Lakini ile ya kujua pa kuweka mguu, pa kupata maji, pa kulala mvua ikizidi, hiyo inaweza kwisha kabla ya barafu.

Kwa hiyo, kama uko Butembo, Beni au Bulongo, na baba yako, mjomba wako ama jirani alibebea watu mizigo kule juu, kaa naye jioni moja. Muulize majina ya mahali, moja kwa moja, kutoka Mutsora hadi Moraine. Muulize barafu ilifika wapi alipokuwa kijana. Andika, na tarehe juu. Sisi wa Goma ambao hatuwezi kufika, tutasaidia kupanga na kutunza.